Daktari alisema jeni, mama mkwe akasikia jini

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, naishi Tanga na mume wangu, mama yake, na mtoto wetu mmoja wa kiume wa miaka 6. Mtoto ana selimundu, yaani sikoseli. Tuligundua akiwa na miezi 9, siku mikono na miguu yake ilipovimba akawa hashikiki kwa kilio. Daktari alitueleza kwamba ugonjwa uko kwenye jeni: baba ana nusu, mama ana nusu, na mtoto amechukua zote mbili. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, akasikia jini. Mwezi mzima, Shangazi, tulizungushwa kwa mafundi. Makombe tumekunywa, ubani tumefukizwa, mpaka mtoto alipoishiwa damu tukamkimbiza hospitali akaongezewa, ndipo mume wangu aliposema sasa basi.

Tangu hapo tunakwenda naye hivyo hivyo. Foliki asidi kila asubuhi, maji mengi, chandarua, panadol akiumwa. Mwezi wa saba mwaka huu alitoroka na wenzake kwenda kuoga baharini Raskazone, na kusi linavuma. Usiku mapaja yakaanza. Nilimkanda kwa chupa ya maji ya moto niliyoifunga kanga mpaka adhana ya alfajiri, na muda wote ule alikuwa ananiomba radhi kwa kwenda kuogelea. Maumivu yake nimeshazoea kuyaona. Kule kuniomba radhi ndiko kulikonimaliza.

Sasa nataka mtoto wa pili. Nimeogopa miaka yote hii, lakini nataka. Wifi yangu aliyeolewa Maskati amesema atatulipia twende India, wachukue mayai yangu na mbegu za mume wangu, watunge mimba maabara, wapime viinitete, kisha wanipandikize ambacho hakina ugonjwa. Ni pesa alizokuwa anaziweka amalizie nyumba yake, kwa hiyo silichukulii jambo dogo. Ametuunganisha na wakala mmoja wa safari za matibabu, naye akanitumia kwenye WhatsApp orodha kama ya saluni. Kupima selimundu, bei yake. "Kiinitete safi asilimia 100, bila hata nusu", bei yake. Kuchagua jinsia, bei yake. "Rangi na mwonekano", bei ya maelewano. Na chini kabisa: mtoto wa pili anayelingana damu na wa kwanza, ili aje amtibu.

Wifi alipoiona hiyo ya rangi akatuma sauti anacheka: "Basi chukueni mweupe kidogo, afuate upande wa bibi yake, maadamu pesa inalipwa!" Nikacheka na mimi. Usiku sikulala. Mimi ni mweusi, Shangazi, na kabla ya harusi mashoga zangu hawakutosheka na singo, walinipaka na mkorogo wiki sita. Picha iko ukutani sebuleni mpaka leo: uso kama wa mtu mwingine, na vifundo vya vidole vyeusi vile vile vimeshika maua.

Mama mkwe amekataa katakata. Ananisomea aya ya Suratun Nisaa, pale shetani anapoapa kwamba atawaamrisha watu wabadili alivyoumba Mwenyezi Mungu. Anasema hii ndiyo ile habari ya Mchina aliyetengeneza watoto akafungwa. Mume wangu anasema, "Amueni nyinyi."

Juzi tulikuwa tunabishana jikoni tukidhani mtoto amelala. Asubuhi nampa dawa akaniuliza: "Mdogo wangu atakuwa hana sikoseli?" Nikamwambia inshallah hatakuwa nayo. Akafikiri, akasema: "Sasa nani atakunywa dawa na mimi?"

Sijamjibu hadi leo. Nifanye nini? Ni dhambi? Na nikichagua mwingine asiye na ugonjwa, si nitakuwa namwambia huyu kwamba ningejua nisingemzaa?

Mama wa mmoja, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama kwenye hilo swali la dawa. Nitalifikia. Kwanza niipunguze orodha ya wakala wako, maana kuna vitu humo unavikosea usingizi na wala haviuzwi popote.

Rangi haipo. Hakuna maabara inayoweza kukuchagulia. Selimundu ni kosa la herufi moja tu kwenye kinasaba (ndiyo hiyo jeni) kimoja, ndiyo maana unaweza kuitafuta kwenye kiinitete ukaiona au ukaikosa. Rangi ya ngozi inatokana na vinasaba vingi, kila kimoja kinatia tone lake, na kiinitete chako kitakuwa kimechota kwako na kwa mumeo kwa mchanganyiko ambao hakuna wa kukutajia matokeo yake. Mwaka 2017 watafiti waliopima watu wa Ethiopia, Tanzania na Botswana walikuta kwamba vinasaba vya weupe na vya weusi vyote vimo humu humu Afrika tangu enzi na enzi. Kwa hiyo hata huo "upande wa bibi" wifi yako anaoutaka, huenda unao wewe umeuficha chini ya weusi wako. Anayekutoza pesa kwa rangi anakuuzia hewa. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Ghana ililazimika kuwaonya wajawazito waliokuwa wakimeza vidonge vya glutathioni ili watoto watoke weupe tumboni. Biashara ni ile ile, huyu wako amevaa koti la maabara tu.

Jinsia nayo, kwa India, ni kosa. Wana sheria ya mwaka 1994, wakaikaza mwaka 2003, inayokataza kupima kwa ajili ya kuchagua wa kiume au wa kike, hata kabla mimba haijaingia. Waliiweka kwa sababu watoto wa kike walikuwa wanapunguzwa. Wakala anayekuandikia bei ya jinsia kwa India ama hajui anachouza, ama anajua na hajali. Vyovyote iwavyo, mimi nisingemkabidhi hata nauli ya kwenda Korogwe.

Halafu kuna hilo neno "safi". Hapa nisikilize vizuri. "Bila hata nusu" maana yake ni kwamba watatupa si viinitete vyenye ugonjwa peke yake, watatupa na vile vyenye nusu. Na mwenye nusu ni nani? Ni wewe. Ni mumeo. Watu wazima, wazima wa afya, mmefunga ndoa, mnalea. Kwa kipimo cha huyo bwana, nyinyi wawili msingepita mlangoni. Mkienda, mwambieni daktari mapema na kwa maandishi: tunatafuta asiyeugua, mwenye nusu tunampokea kama mwenye kukosa kabisa.

Hiyo nusu wala si uchafu. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwa nini imejaa kwetu. Aliona mwambaoni na kando ya Ziwa Victoria watu wengi wanayo, na nyanda za juu kwenye baridi karibu hakuna. Mahali penye mbu wa malaria, mtoto mwenye nusu alinusurika mwenzake asiye nayo alipozikwa. Mababu zako na wa mumeo walifika kwetu wamebebwa na hiyo nusu. Wengine waliivusha bahari, na sehemu ya selimundu iliyoko Oman leo ilitoka pwani hii hii, kwa hiyo wifi yako huko aliko wanaijua. Tanzania inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Hujalaaniwa, mwanangu, na hakuna aliyekutupia kitu.

(Na kwa kuwa mumeo ana nusu, basi mama mkwe au baba mkwe, mmoja wao kama si wote, alikuwa nayo. Hili nakwambia wewe. Usiende kumrushia mama wa watu kama jiwe siku mmekosana.)

Sasa tuje kwa mama mkwe, ambaye hofu yake naiheshimu kuliko kicheko cha wifi. Yeye amechanganya mambo matatu, na hayuko peke yake.

La kwanza ndilo la huyo Mchina. He Jiankui, kule Shenzhen, alitangaza Novemba 2018 kwamba wamezaliwa mapacha wa kike ambao alivikata vinasaba vyao wangali viinitete, eti wasipate virusi vya UKIMWI. Watoto hawakuwa wagonjwa. Baba yao ndiye aliyekuwa na virusi, na njia za kumkinga mtoto wa baba wa namna hiyo zilikuwepo tayari. Akawabadilisha viumbe wasioweza kukataa, kwa mabadiliko watakayowarithisha wajukuu. Desemba 2019 mahakama ya huko ikampa miaka mitatu. Mama mkwe akisema hilo ni kuingilia uumbaji, mimi nakaa upande wake kwenye mkeka.

La pili ni tiba ya mgonjwa mwenyewe. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya selimundu iitwayo Casgevy, Marekani ikafuata Desemba. Wanatoa chembe za uloto za mgonjwa, wanazikata kwa mkasi ule ule wa vinasaba uitwao CRISPR, wanamrudishia. Anachobadilishwa ni damu yake, hakiendi kwa watoto wake. Sioni tofauti ya hili na kumtoa mtu bandama, isipokuwa bei: Marekani ilitangazwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja, na kabla yake mgonjwa anapigwa dawa kali inayoweza kumwondolea uzazi. Ilipoidhinishwa ilikuwa ya kuanzia miaka 12. Usiifikirie sasa, ila shika neno moja ninalotaka kukurudishia baadaye. Inavyofanya kazi ni kuirudisha damu ya uchanga, ile aliyokuwa nayo mwanao tumboni. Ndiyo iliyomlinda mpaka miezi 9. Mtoto mchanga mwenye selimundu haugui mapema kwa sababu bado ana damu hiyo, ikipungua ndipo vidole vinapovimba.

La tatu ndilo lenu, na humo hakuna kinachobadilishwa. Mayai ni yako, mbegu ni za mumeo. Kiinitete kinakaa maabara kama siku tano, wanachukua chembe chache upande utakaokuja kuwa kondo, wanaisoma ile herufi, basi. Hiki kinapandikizwa, kile hakipandikizwi. Imefanyika kwa selimundu tangu mwaka 1999. Kwa hiyo aya ya mama mkwe haikugusi pale anapodhani inakugusa. Swali lako ni la kuchagua, na hilo ni swali kweli. Mimi si sheikh. Tafuteni mwenye elimu mkae naye nyote watatu, mumeo akiwemo. Ninachojua ni kwamba wanazuoni wengi walioliangalia jambo hili wameruhusu kwa ugonjwa mzito, iwe ni mayai na mbegu za mke na mume wenyewe, ndani ya ndoa, na wengi hao hao wakakataa kuchagua kwa matamanio. Muulizeni pia kuhusu viinitete vitakavyobaki. Watu hulisahau, kisha miaka mitano baadaye wanatumiwa bili ya kuvihifadhi kwenye barafu na hawajui wajibu nini. Amueni kabla ya kupanda ndege.

Nimekuwa muuguzi wa wodi ya watoto miaka mingi kabla ya kukaa kwenye kiti hiki, kwa hiyo nitakwambia ninachoamini bila kuzunguka. Kukataa maumivu ya usiku ule wa kusi ni halali ya kila mama. Ila tangu zamani, anayeanza kwa kukataa ugonjwa huteleza kwa urahisi sana akajikuta anamkataa mgonjwa. Linus Pauling, mmoja wa wanasayansi wakubwa wa karne iliyopita, ndiye aliyeonyesha mwaka 1949 kwamba selimundu ni hitilafu kwenye molekuli ya himoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya damu. Mtu wa Nobeli mbili, moja ya amani. Mwaka 1968 akaandika kwamba vijana wenye kinasaba hiki wachorwe alama kwenye paji la uso, ili wakitazamana wasipendane. Mtu wa amani huyo! Hakuwa na nia mbaya, alitaka watoto wasiteseke. Lakini wewe hebu mweke mwanao mbele ya kioo na hiyo alama.

Kwa hiyo mimi napima hivi. Kila sababu unayotaka kuchagulia, jaribu kumwambia mwanao, kwa maneno ya mtoto wa miaka 6, naye anakutazama. "Tulimwomba daktari mdogo wako asiumwe mapaja kama wewe." Linasemeka. Naye ataelewa kuliko mtu yeyote nyumba ile, maana yeye ndiye anayeyajua hayo mapaja. Sasa jaribu: "Tulimlipa daktari mdogo wako awe mweupe kuliko wewe na mimi." Unaona ulimi unavyogoma? Ndiyo maana ulicheka mchana usiku hukulala. Ile picha ya sebuleni ilikuwa inakujibia.

Umeniuliza kama unamwambia ungejua usingemzaa. Labda ungejua usingemzaa. Akina mama wengi wamenong'ona hivyo kwenye korido saa nane za usiku, nami nimewasikia, na asubuhi wakaingia wodini kuwalisha watoto wale wale uji kwa kijiko. Usijiulize ungefanya nini na mtoto ambaye hukuwa unamjua. Huyu unamjua.

Nije kwenye hilo la mtoto wa kumtibu kaka yake, maana kwenye orodha nzima ndilo lenye ukweli na ugumu pamoja. Si uzushi. Mwaka 2000 huko Marekani alizaliwa mtoto aliyechaguliwa kwa njia hii, na damu ya kitovu chake ikamtibu dada yake aliyekuwa na ugonjwa mwingine wa uloto. Na siku hizi kupandikiza uloto kwa selimundu hatukufuati ng'ambo tu, Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma imeshawafanyia watoto. Ila piga hesabu. Kiinitete kisichougua ni 3 katika kila 4. Kinacholingana na kaka yake ni 1 katika 4. Vyote viwili kwa pamoja ni 3 katika 16, na mwanamke wa miaka 33 anaweza kupata viinitete vizuri vinne au vitano kwa mzunguko mmoja. Mtapata labda kimoja, labda hakuna, halafu mtavitazama vile vitatu vizima visivyolingana mseme nini? Nisingekuzuia, kwa kuwa mtoto wa pili unamtaka hata asipolingana, hilo umeliandika mwenyewe kabla ya kumtaja wakala. Ningekuzuia kama ungemtaka kwa ajili ya uloto peke yake. Na ujue ndugu wa kuzaliwa kwa njia ya kawaida naye ana hiyo hiyo 1 katika 4 ya kulingana, bila kulipa.

Maana njia ya kawaida ipo, hakuna aliyekutajia. Kila mimba yenu ina 3 katika 4 za kuzaa mtoto asiyeugua, na kila mimba inaanza upya, haihesabu iliyopita. Mtoto akizaliwa apimwe damu ya kisigino mapema. Akikutwa nayo, aanzishiwe penisilini kabla hajafika miezi mitatu, chanjo zote, na kliniki kabla ya uvimbe wa kwanza. Huyu wa kwanza mlimchelewesha miezi 9 na mwezi mmoja wa mafundi. Wa pili msingemchelewesha hata wiki. Ya India nayo ina machungu yake: sindano kila siku, kuvunwa mayai, na mizunguko isiyoshika ni mingi hata kwenye kliniki nzuri. Tena hata ikishika, madaktari makini watataka kuhakikisha kwa kipimo wakati wa ujauzito. Mimi sikuchagulii. Nasema tu mlango si mmoja.

Kilichonikera katika barua yako kuliko wakala ni kitu kingine. Umeorodhesha dawa za mwanao: foliki asidi, maji, chandarua, panadol. Haidroksiyurea iko wapi? Nilikwambia ushike neno la damu ya uchanga. Hii ni kapsuli ya zamani, na kazi yake kubwa ni kuirudisha damu ile ile ambayo wengine wanaitafuta kwa dola milioni mbili. Matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto wapatao 600 yalitoka mwaka 2019. Walikuwa wa Kilifi hapo ng'ambo ya mpaka wenu, wa Mbale kule Uganda, wa Kinshasa na wa Angola, na wakaonekana vipindi vya maumivu vimepungua, kuongezewa damu kumepungua, malaria imepungua, na vifo. Wiki hii, kabla ya pasipoti, mpeleke kliniki ya selimundu na uulize mambo mawili: kwa nini hajaanzishiwa, na lini atapimwa mishipa ya kichwa kwa ultrasound. Kipimo hicho huonyesha mtoto aliye kwenye hatari ya kiharusi kabla hakijampata, na umri wake ndio huu. Pesa ya wifi, hata sehemu ndogo tu, ingelipa dawa hiyo kwa muda mrefu sana. Mwambieni. Mtu aliyekuwa tayari kusimamisha nyumba yake kwa ajili ya mtoto ambaye hajazaliwa hatakataa kumlipia aliyeko.

Akianza, zingatia kitu kidogo ambacho kliniki zenye foleni husahau kusema. Wewe unayetaka kushika mimba, kapsuli zile usizifungue wala kuzishika kwa mkono mtupu. Ampe baba yake. Hapo "amueni nyinyi" itakuwa imepata kazi. Amechangia nusu kwenye ugonjwa, achangie na kwenye kikombe cha maji cha asubuhi, na kwenye hicho kikao cha sheikh, na kwenye kumjibu mama yake. Umebeba mazungumzo ya nyumba nzima peke yako.

Limebaki swali la mwanao. Wewe ulisikia anauliza kama atapendwa. Mimi nilisikia mtoto anayekunywa dawa peke yake kila asubuhi huku wengine wanakunywa chai. Na bahati nzuri hili lina jibu. Mwanamke anayejiandaa kushika mimba, ya maabara au ya nyumbani, anatakiwa ameze foliki asidi kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla. Uliza kliniki wakupe kiasi chako, chukua pakiti yako. Kesho asubuhi kaa naye, mmimine maji vikombe viwili, mwambie mnywe pamoja.

Shangazi